Mitiki yangu Newala imegoma, mbolea nimeweka mpaka nimechoka. Tatizo nini wakuu?

Mwalimu_Kusini
Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Nimekuwa nasoma tu humu kimyakimya ila leo nimebanwa imebidi nijitokeze.

Nina ekari nne Newala, kule juu uwandani kabisa, shamba la marehemu mjomba. Lilikuwa la mikorosho mikongwe, mingine imekauka mingine inatoa korosho za kuhesabu kwa vidole, nikaamua kuikata nipande mitiki iwe ndo pensheni yangu maana mshahara wa chaki tunaujua wote. Desemba mwaka juzi nikapanda stampu (miche iliyokatwa ikabaki mzizi na kipande cha shina) nafasi ya mita 3 kwa 3, jumla kama miti 1,800 hivi. Sa sikutaka mchezo, jamaa wa duka la pembejeo akaniambia mti unakula kuliko mahindi, weka ya kutosha, nikaweka mbolea ya kupandia, DAP, gramu 200 kila shimo, chini kabisa, afu stampu juu yake. Hapo ni mifuko saba ya kilo 50 na kidogo, hela ya korosho zilizobaki yote ikaishia hapo.

Matokeo: kama theluthi haikuchipua kabisa. Iliyochipua ikatoa majani mawili matatu ikaganda. Msimu huu nikaongeza yurea juu. Mvua ndo hizo zinaisha na mti bado uko magotini, majani ya chini yana rangi ya zambarau na mengine kingo zimeungua kama yamepitiwa na pasi. Kuna mwenzangu Masasi alipanda mwezi huohuo bila mbolea hata punje, yake inampita kimo!

Ila kuna kitu cha ajabu. Katikati ya shamba kuna miti kama kumi na mbili imekaa pamoja, hiyo imepanda mpaka napita chini yake bila kuinama, jani moja unaweza kufunikia sinia la wali. Stampu zilezile, DAP ileile, siku ileile. Mke wangu anasema pale kuna mkono wa mtu. Niambieni, niongeze mbolea ipi?

NdandaBoy
Pole mwl. Hapo kwenye mkono wa mtu naweka kiti cha mbele 😂

BabuWaRondo
Marahaba mwanangu. Kazi ya miti nimeifanya tangu kijana, kitaluni na shambani, na hilo kosa lako nimeliona mara nyingi hata kwa wenye vyeti. Gramu 200 za DAP chini ya stampu hujamlisha mtoto, umempikia kwenye chumvi. Mbolea ya viwandani ni chumvi, inavuta maji kuja kwake, na udongo wa uwanda ule ni mchanga, hauna kitu cha kuishika ile chumvi isimguse mtoto. Mzizi mpya unatoka mweupe laini kama uzi, ukikuta ile chumvi unakauka hapohapo. Hiyo theluthi isiyochipua usiilaumu stampu.

Mche wa mti wa mbao unatosheka na gramu 50 au 60. Na usiweke siku ya kupanda kama huna uhakika wa mvua. Panda, subiri uchipue ukae sawa mwezi hivi, ndo uchimbe kashimo kadogo pembeni, sentimita 15 mpaka 20 toka shinani, kama kuna mteremko weka upande wa juu, tia mbolea, FUNIKA. Ukiiacha juu, yurea inaenda hewani na DAP inasombwa na mvua ya kwanza. Kwa ekari yako moja yenye miti 450 ni kilo 27, yani mfuko mmoja wa kilo 50 karibu ukutoshe ekari mbili. We umetumia mara tatu na zaidi.

Nikuulize, nyasi zikoje hapo shambani?

DadaStampu
Naongezea kwa babu hapo, mimi nina kitalu Mtama kule Lindi nauza stampu na miche ya viriba. Wateja wangu wengi hawana mizani, kizibo cha soda kikijaa ni kama gramu 5, kwa hiyo vizibo kumi ni gramu 50. Kuchota vizibo kumi kwa miti 450 utalia, we pima mara moja dukani kwenye mizani yao gramu 50, mimina kwenye chupa ya maji iliyokatwa, piga alama ya kalamu, kata hapo, umeshapata kipimo chako cha maisha.

Lingine kaka, huku kwetu mvua inaanza Novemba mwishoni au Desemba afu Januari au Februari inakata ghafla hata wiki mbili tatu. Waliopanda na mbolea nyingi shimoni ndo wanaumia hapo, udongo ukikauka ile chumvi inakolea. Na kingine nikisema watu wananichukia ila nasema, miche inayong'aa kijani kitaluni sio lazima iwe mizuri. Ukilishwa naitrojeni nyingi unakuwa mrefu laini, ukifika shambani jua la siku moja unalala. Mimi wiki nne za mwisho napunguza maji na sitii mbolea ili ukomae, shina liwe gumu. Mteja anakuja anaona wa jirani umejaa majani anakimbilia kule 🙄

Mwalimu_Kusini
Shukrani sana babu, shukrani dada. Nyasi... nisidanganye. Ni motomoto, zinafika kiunoni. Nilipalilia mara moja tu Machi, ratiba ya shule haikuniruhusu.

BabuWaRondo
Basi umelisha motomoto mwanangu! Nyasi ina mizizi kama nywele juujuu kote, mti wako una mizizi mitatu. Ukimwaga yurea wa kwanza mezani ni nani? Mara kumi upalilie bila mbolea kuliko uweke mbolea bila kupalilia. Kama nguvu ni ndogo usilime ekari nzima, tengeneza kisahani, mita moja kila upande wa shina, pawe peupe kabisa, mara mbili au tatu kwa msimu, miaka miwili ya mwanzo. Katikati panda mbaazi au kunde, hapo unapalilia chakula na miti inafaidi. Ufuta pia wanapanda watu wa Lindi ila ufuta nao unakula, usiusogeze karibu.

Lengo la mbolea kwenye miti michanga watu hawalielewi. Hatutafuti mavuno ya mwaka huu. Tunataka matawi yagusane mapema yafunge kivuli, maana kivuli kikishafunga nyasi zinakufa zenyewe, palizi imeisha, moto nao hauna cha kula. Shamba linalofunga mwaka wa tatu na linalofunga mwaka wa sita ni vitu viwili tofauti, katikati hapo kuna viangazi vitatu vya wawindaji wa panya kuwasha moto.

Mkamba_Original
Mi naona mnamzungusha tu mwalimu. Miti haitaki mbolea. Mivule ya msitu wa Rondo iliwekewa DAP na nani? Mungu. Mnafanya watu watupe hela kwenye maduka.

BabuWaRondo
Mivule ya Rondo ilijilisha majani yake yenyewe miaka mia, jani linaanguka linaoza linarudi juu, hakuna aliyekuwa anapitisha gari kubeba. Shamba la mjomba wake limetoa korosho magunia kwa magunia miaka arobaini, kila gunia limeondoka na chakula. Na hata msitu sio kwamba hauna njaa. New Zealand kule kwenye msitu wa Riverhead misonobari ilidumaa kwenye udongo wa mfinyanzi mpaka walipomwaga fosfeti kwa ndege miaka ya 1950, ndo ikaamka. Zambia mikaratusi na misonobari inakufa ncha kila kiangazi kwa kukosa boroni, kirutubisho kinachotakiwa kidogo tu kwa mti, unaweza ukamwaga mbolea ya NPK mpaka uchoke ncha bado zinakufa. Wengine walileta mbegu za msonobari nchi za joto ikachipua ikawa njano ikafa, kumbe haikutaka mbolea, ilikosa ukungu wake unaoishi na mizizi, wakaja kuchota udongo kwenye shamba kongwe la misonobari kutia kitaluni ikapona. Kwa hiyo Mkamba hujakosea sana, wapo wanaotupa hela. Wanatupa kwa sababu hawajui kinachokosekana.

Mkamba_Original
Sawa babu nimekaa.

Busta_Agro
Mkuu njoo inbox nina busta ya maji unapulizia kwenye majani mti unakua mara mbili

NdandaBoy
^^ Huyu anakosekana kwenye uzi upi humu ndani?

MtuWaSalfa
Mwalimu swali moja tu. Hiyo mikorosho ya mjomba ilikuwa inapuliziwa salfa miaka mingapi?

Mwalimu_Kusini
Dah, toka mimi niko shule ya msingi nakumbuka wanapuliza ile ya unga alfajiri, macho yanawasha mpaka tunafika darasani. Weka miaka 20 au zaidi. Kwani inahusiana nini, mikorosho si nimeikata?

MtuWaSalfa
Mikorosho umekata, salfa imebaki. Tulia nikupigie hesabu, hii ndo kazi yangu na imenitoa jina.

Salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, watu wanaweka kama robo kilo kwa mti kwa mzunguko, mizunguko mitano kwa msimu, hapo ni kilo moja na robo kwa mti kwa mwaka. Mikorosho ikiwa mita 12 kwa 12 ekari moja ina miti kama 28. 28 mara kilo 1.25 ni kilo 35 kwa ekari kwa mwaka. Mara miaka 20 ni kilo 700. Sawa, upepo unapeleka nyingine kwa jirani, lakini na ya jirani inakuja kwako, Newala nzima inapuliza. Ile salfa ikifika chini vijidudu vya udongoni vinaigeuza kuwa asidi. Kuua asidi ya kilo moja ya salfa unahitaji kama kilo tatu za chokaa. Kwa hiyo ekari yako inadai tani mbili za chokaa na mchanga wa uwanda hauna akiba yoyote ya kujilipia hilo deni. Watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara, wamelisema hili la salfa kushusha pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda) ya udongo wa kusini miaka mingi, sio jipya.

Mkorosho unavumilia, ni mti wa shida. Mtiki HAUVUMILII. Mtiki unapenda kalsiamu kuliko karibu mti wowote wa mbao, unataka pH ya 6 na nusu mpaka 7 na nusu hivi, Costa Rica na Panama walikopanda mitiki kwenye udongo wa asidi wameona hayohayo ya kwako, mti unaganda. pH ikishuka chini ya 5 alumini iliyoko udongoni inayeyuka inaua ncha za mizizi. Mzizi ukiwa kisiki hauwezi kufuata fosforasi hata uweke gunia, ndo unaona zambarau kwenye majani wakati DAP imelala sentimita kumi toka hapo. Afu DAP na yurea zenyewe zinaongeza asidi. We ulikuwa unamwagia moto petroli.

Sasa hiyo miti kumi na mbili ndo inanikosesha usingizi. Pale palikuwa na nini zamani? Kichuguu? Vichuguu vya mchwa huwa vina kalsiamu kuliko udongo wa pembeni. Uliza wazee.

DadaStampu
Aisee. Mimi nimeuza stampu Newala misimu mitatu na sijawahi kumuuliza mteja kuhusu salfa. Nimepata aibu.

NdandaBoy
Mwl uliza upesi mkeo amshushe huyo mchawi wa watu

Mwalimu_Kusini
Wakuu nimerudi, samahani kwa wiki tatu kimya, mitihani.

Jumamosi nilimchukua mama mkubwa kwenye bodaboda nikampeleka shambani, ana miaka themanini na kitu na macho hayaoni vizuri ila shamba analijua kwa miguu. Nikamfikisha kwenye ile miti bila kumwambia kitu. Akasimama, akaparuza chini na fimbo, akasema "Hapa si jikoni kwa mama?" Kumbe kabla hawajahamia kwenye kijiji walichopangiwa enzi za vijiji vya ujamaa nyumba ya bibi ilikuwa hapo, na hapo penye miti ndo palikuwa jalala la majivu, mafiga yalikuwa hatua tano mbele. Miaka na miaka wamemwaga majivu ya kuni pale, na maganda ya konokono wa baharini waliotoka nao pwani. Nikachimba kwa jembe, chini kidogo udongo mweusi, vipande vya vyungu na magamba meupe. Upande wa pili hatua kumi tu udongo mwekundu mchanga mtupu.

Mke wangu kasema sawa lakini bado mkono wa mtu, wa bibi 😂

MtuWaSalfa
😂😂 Bibi kashinda uzi! Majivu ya kuni sehemu kubwa ni kalsiamu, na potasiamu, na fosforasi kidogo. Magamba ndo chokaa yenyewe inayeyuka taratibu. Sa usikimbilie kununua kitu. Chukua udongo sehemu tatu tofauti, pale kwa bibi, pale kwengine juu, na kama una kipande chini bondeni chukua na huko. Kila sehemu tembea zigizaga uchote mahali kumi au kumi na tano mpaka sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyobeba mbolea wala salfa, toa nusu kilo, andika jina, peleka Naliendele wakupimie. Ni hela ndogo kuliko mfuko mmoja ule.

BabuWaRondo
Na ukisharudi na majibu usirekebishe ekari nne. Fanya mistari. Mstari mmoja bila kitu, mmoja palizi tu, mmoja palizi na majivu, mmoja palizi na majivu na fosfeti, miti kumi na tano kila mstari, msimu mmoja. Wale Waingereza waliokuja Nachingwea na karanga zao miaka ya 1940 walikuwa na matrekta na mabenki, wakalima kwanza maekari wakaanza kuuliza udongo na mvua baadaye. Tumebakiwa na bandari ya Mtwara waliyoijenga angalau.

MtuWaSalfa
Mistari ndo mpango. Angalizo la majivu: USICHANGANYE na DAP wala yurea wala SA (salfeti ya amonia), ile naitrojeni inageuka gesi inakutoka puani, utaisikia harufu ya mkojo hapohapo. Majivu yatangulie wiki nne tano kabla ya kupanda, yachanganywe na udongo wa shimo zima, sio kumwaga chini kama ulivyofanya. Fosfeti tumia mbolea ya TSP, au ile ya mwamba wa Minjingu, kwenye asidi inayeyuka vizuri na yenyewe ina kalsiamu. Naitrojeni baadaye ukitaka, tumia mbolea ya CAN kidogo. Fosforasi utakayoweka sasa mti utakaa nayo miaka, naitrojeni ikishapita msimu imepita.

Mwalimu_Kusini
Nimewasikia. Majibu yametoka: juu pH 4.4, kwa bibi 6.3, na kipande cha bondeni 5.9 ambako mjomba hakuwahi kupanda korosho, alikuwa analima mpunga pembeni na mihogo juu kidogo.

DadaStampu
4.4!! Kaka hapo juu wasahau mitiki. Na bondeni usipande panapotuama maji, mtiki ukilowa miguu unakufa.

*(uzi ulinyamaza, ukafufuliwa Aprili iliyofuata)*

Mwalimu_Kusini
Wakuu nawadai salamu. Nimefanya mistari minne kule juu kama babu alivyosema, stampu za DadaStampu, nilipanda tarehe 12 Desemba. Januari mvua ilikata siku 17. Nimepima leo na futi ya fundi cherehani.

Mstari bila kitu: wastani sentimita 31, minne imekufa. Palizi tu: 48. Palizi na majivu, nusu sado kila shimo: 96. Palizi na majivu na TSP gramu 50: 134, yani inanifika kifuani, na majani sasa ni ya kijani sio zambarau. Sikuamini hiyo ya palizi na majivu, gharama yake ni jasho tu.

Lakini nimekaa na kalamu. Miti 1,800 mara nusu sado ni sado 900 za majivu, Newala nzima ipike ubwabwa mwaka mzima. Na mizizi ikitoka nje ya shimo itakutana na 4.4 ileile, MtuWaSalfa alinitahadharisha hilo kwenye simu. Kwa hiyo juu nimerudisha mikorosho ya miche bora na mbaazi katikati, hii mistari minne nitaiacha niitazame. Mitiki nimehamishia bondeni ekari moja na robo, kisahani kila mti, majivu kidogo, TSP, na barabara ya moto nimelima mwenyewe na wanafunzi wa zamani.

BabuWaRondo
Sentimita 134 msimu wa kwanza kwa 4.4. Umefanya kazi mwalimu. Usiipogoe mwaka huu.

MtuWaSalfa
Hizo namba ziandike ukutani. Mwakani rudi upime mistari hiyohiyo, nataka kuona ule wa majivu matupu unaganda lini.

Mkamba_Original
Mwalimu mimi ndo yule nilisema miti haitaki mbolea. Nina ekari mbili Kitangari zilikuwa za korosho. Majivu unayapata wapi?

Mwalimu_Kusini
Kwa akina mama majirani. Mwanzo walinipa bure, wakanicheka kwamba mwalimu kachanganyikiwa anaokota majivu na baiskeli. Mama mkubwa aliposikia nayatafuta mengi akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wasitoe tena, yeye ndo anayakusanya sasa, ana viroba kumi na moja nyuma ya nyumba kafunika na turubai yasinyeshewe.

Mkamba_Original
Kiroba shingapi?

Mwalimu_Kusini
Hataki hela. Anataka kitenge, doti nzima, na anachagua mwenyewe.